Mtama na Mkorosho katika Nchi ya Tunduru

Mtu apitaye njia kuu itokayo Songea kwenda Masasi hana budi kupita katika nchi ya Tunduru, na akiitazama vema ataona mashamba ya kila namna: mahindi, mihogo, mbaazi, karanga, na mpunga mabondeni karibu na mito. Katika mimea hiyo yote tumeichagua miwili, tuiweke mbele ya wasomaji wetu na kuilinganisha, yaani mtama na mkorosho. Mtama ni mzee wa nchi, na mkorosho ni mgeni aliyekuja akapewa kiti cha mbele. Mtama ni nafaka ya chungu, mkorosho ni mti wa fedha. Wako wasemao kwamba mwenye fedha hahitaji ghala, kwa kuwa unga hununuliwa dukani. Wako wengine wasemao kwamba fedha hailiwi. Sisi twaona ni vizuri kuuliza habari za zamani kwanza, ndipo tuamue.

Kwanza tuangalie asili ya mtama. Mmea huu ni wa Afrika yetu hasa. Wataalamu wachimbao mabaki ya kale wamekuta alama za punje zake katika vigae vya vyungu upande wa mashariki ya nchi ya Sudani, na umri wake wapata miaka 5,000. Huko watu walianza kuchagua masuke mazuri na kuyapanda tena, hata nyasi ya mwituni ikawa nafaka ya shamba. Kisha mtama ulisafiri pamoja na watu. Babu zetu wenye lugha za Kibantu walipokuwa wakishuka kuelekea kusini walichukua jembe la chuma na mbegu, na mtama ulikuwa mmoja wa mbegu hizo. Basi zamani kabla ya merikebu yoyote ya Ulaya kufika pwani yetu, ugali wa mtama ulikuwa umekwisha kusongwa katika nchi hizi.

Wala haukupendwa bure. Mtama huvumilia jua kuliko mahindi. Mizizi yake huenda chini sana, na majani yake yana nta. Mvua ikikatika hujikunja na kutulia kama mtu aliyelala, na mvua ikirudi huamka na kuendelea kukua. Nchi ya Tunduru ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili, na mvua hiyo ikidanganya katikati, hapana ya pili ya kuitumainia. Katika nchi ya namna hiyo mmea ujuao kungoja ni hazina kubwa.

Tena mtama ulikuwa na kazi nyingi nyumbani. Unga wake ulifanywa ugali na uji. Togwa lake liliburudisha wakulima shambani. Mabua yake yalijenga uzio na kuwasha moto. Punje zilizokauka vema zilitiwa katika vihenge, na majivu yakachanganywa humo ili kuwazuia fukusi. Mtu aliheshimiwa kwa vihenge vyake, maana kihenge kilichojaa kilikuwa ni kusema: nyumba hii haitaomba.

Lakini kihenge kilichojaa humwita adui vilevile. Katika karne ya kumi na tisa nchi zote za mto Ruvuma zilisumbuliwa na vita na biashara ya watumwa. Daktari David Livingstone alipoufuata mto huo mwaka 1866, yeye na watu wake walipata taabu kubwa kwa kukosa chakula, kwa kuwa watu walikuwa wamenyang'anywa mazao yao na kukimbia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikaa Masasi na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, walikishambulia kijiji hicho, na kazi ya miaka sita ikavurugika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zile: mtu hupanda, na mwingine huvuna.

Taabu kubwa kupita zote ilikuja wakati wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907. Maji yale aliyoyagawa Kinjikitile huko Ngarambe yalichanganywa, kama wazee walivyosimulia, na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Tuyafikiri maneno hayo. Watu walipotafuta kinga ya maisha yao walichukua mafuta ya mti na punje ya nafaka, vitu vya shambani walivyovijua tangu utoto. Maji hayakuzuia risasi. Nao Wadachi walipoona kwamba vita havimalizwi na bunduki peke yake, walichoma vijiji na mashamba na kuteketeza nafaka ghalani. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa kwa vita na njaa pamoja walipata 250,000 hata 300,000. Nchi ya Songea na majirani zake ilikuwa mahali palipoumia sana, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori.

Haikupita miaka kumi, vita nyingine ikaja. Jeshi la Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck lilizungushwa katika nchi za kusini, likavuka Ruvuma mwezi wa Novemba 1917 likifuatwa na Waingereza. Majeshi yote mawili yalikula, na waliolishwa ndio waliokuwa na bunduki. Tunasimulia habari hizi ili msomaji aone tabia moja ya nafaka. Huporwa upesi, huchomwa upesi. Lakini pia hurudi upesi. Aliyebakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu aliweza kupanda mvua zilipoanza, na baada ya miezi minne au mitano akawa na chakula. Kwa ajili hiyo watu wa nchi hii wako hata leo.

Sasa tuuangalie mkorosho. Kwao ni Brazili, upande wa kaskazini mashariki, karibu na bahari. Wenyeji wa huko waliuita acaju, Wareno wakafupisha wakasema caju, na hapo ndipo tulipopata neno letu kanju. Katika karne ya kumi na sita Wareno waliuchukua mti huu hata Goa katika Bara Hindi, na hata Msumbiji, nao ukaenea pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na wa watoto. Watu walikula mabibo, wakachoma korosho chache, basi. Hapana aliyeuhesabu kuwa mali.

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Wafanya biashara wa Kihindi walikuwa wakitafuta korosho ghafi kwa viwanda vya kubangulia vya nchi yao, na wakulima wa kusini walipoona fedha wakaanza kupanda kwa bidii. Katika siku zizo hizo serikali ya Kiingereza ilileta mitambo mikubwa Nachingwea kulima karanga. Kazi hiyo ilianza mwaka 1947, ikagharimu fedha nyingi mno, ikaachwa mwaka 1951. Mkorosho haukuletewa mitambo wala haukutangazwa, bali ulipandwa na mtu mmoja mmoja kwa jembe lake, nao ukadumu. Mwaka 1945 korosho za nchi nzima zilikuwa tani 7,000 hivi. Msimu wa 1973/74 zilifika tani 145,000, na nchi yetu ikahesabiwa miongoni mwa za mbele duniani.

Kisha ukaja mwanguko. Msimu wa 1986/87 korosho zote za Tanzania hazikufika tani 20,000. Sababu zake zilikuwa nyingi. Katika miaka ya 1973 hata 1976 watu walihamishwa kwenda kukaa katika vijiji vipya, na wengi wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na majani na kuunguzwa na moto wa pori. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, hata mtu akaona heri kulima mihogo kuliko kufyeka chini ya mikorosho. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 ulitokea ugonjwa wa ubwiriunga, unaofunika maua kwa ukungu mweupe kama unga, nayo hukauka yasizae. Viwanda kumi na viwili vya kubangulia vilijengwa kwa fedha za mkopo, kimoja hapa Tunduru. Lakini vilipokuwa tayari, korosho za kuvilisha hazikuwapo, na vingi vikakaa kimya.

Hapa twaona tabia ya mti, nayo ni kinyume cha nafaka. Mti hauchukuliki. Ukihamishwa wewe, wenyewe hubaki. Ukikosa kuutunza mwaka mmoja, miaka miwili hulipi deni lake. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu, na nguvu yake kamili huja baada ya miaka saba au minane. Basi aupandaye huweka amana mikononi mwa siku asizozijua. Lakini mti una subira vilevile. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, walifundisha kupulizia salfa, kupogoa matawi na kupanda mbegu zilizo bora. Watu wakarudi kwenye mikorosho ya baba zao, wakaisafisha, nayo ikazaa tena. Tangu mwaka 2007 ulianzishwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000. Mti uliosemwa kuwa umekufa ulizidi ujana wake mara mbili.

Basi tukiilinganisha mimea hii miwili, kwanza tuangalie kazi. Mtama wataka jasho kila mwaka: kufyeka, kupanda, kupalilia mara mbili, kung'oa kiduha kinyonyacho mizizi, kukata masuke, kupura, kupepeta, kutwanga. Zaidi ya hayo wataka kulindwa. Mchana ni ndege, kwa kuwa punje zake ziko wazi juu ya suke. Usiku ni nguruwe. Hii ndiyo sababu moja iliyoufanya mtama kushindwa na mahindi. Suke la mahindi limevikwa maganda, ndege hawaliwezi. Zamani walinzi wa ndege walikuwa watoto. Watoto walipoingia shule, dungu likabaki tupu. Sisi walimu hatusikitiki kwamba watoto wako darasani, lakini yafaa tuseme kweli kwamba kengele ya shule nayo imeupunguza mtama.

Na kulinda usiku si kazi ya mchezo. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake walitangaza hesabu ya kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, hasa mikoa ya kusini na pwani, na kwamba wengi walishambuliwa wakati wa mavuno. Walieleza sababu: nguruwe mwitu huja kula nafaka, simba humfuata nguruwe, na mwenye shamba amelala pale pale katika kibanda chake. Watu wa Tunduru hawahitaji kufundishwa habari hiyo. Kila debe la nafaka lililoingia ghalani lilikuwa na usiku wake.

Mkorosho hauna usiku wa namna hiyo. Kazi yake ni kufagia chini, kukata matawi yaliyokufa, kuzuia moto, kupulizia dawa maua yatokapo katika miezi ya Juni hata Septemba, na kuokota korosho zianguapo, Oktoba hata Desemba. Lakini kazi hiyo yataka fedha kabla ya kuleta fedha, maana salfa hununuliwa. Mtama wataka mikono tu.

Pili, tuangalie chakula. Gramu 100 za mtama zina wanga kama gramu 70, protini kama 10, na mafuta 3 hivi. Gramu 100 za korosho zilizobanguliwa zina mafuta kama 44 na protini kama 18. Basi korosho hujenga mwili vizuri, na mtama hushibisha. Ajabu ni kwamba walio wengi katika wakulima wetu huziuza korosho zote ghafi, nazo huliwa ng'ambo, huku watoto wao wakinywa uji mweupe usio na kitu. Kubangua si kazi nyepesi, kwa kuwa ganda lina mafuta makali yaunguzayo ngozi. Ng'ambo mafuta hayo hutengenezewa rangi na breki za magari. Lakini mama aliyejifunza kuchoma kwa uangalifu, mahali pa wazi, akiukwepa moshi, anaweza kuwawekea watoto wake kibaba kwa juma. Mabibo nayo yana vitamini C kuzidi machungwa mara kadhaa, na mengi huozea chini ya mti. Yasiyooza mara nyingi hugeuzwa uraka, au nipa iliyo kali zaidi. Mtama nao hufanywa pombe. Katika jambo hili hakuna mmoja awezaye kumcheka mwenziwe. Twasema tu kwamba tunda alilolitoa Mungu liwe nguvu ya mtoto lisifanywe kuwa udhaifu wa baba.

Tatu, tuangalie nani mwenye mali. Jambo hili huleta mashauri mengi vijijini, wala halisemwi sana. Katika mila ya Wayao na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, na mume huenda kukaa kwao mke. Zamani haikuwa na shida kubwa. Mume alilima shamba la mtama, akavuna, na ikitokea kuachana alikwenda zake na jembe lake; shamba lilibaki kwa wenyewe. Lakini mkorosho hukaa miaka hamsini. Mume akipanda mikorosho mia katika ardhi ya ukoo wa mkewe, akafa, mikorosho ni ya nani? Watoto husema ni ya baba yetu. Wapwa husema ni ya mjomba wetu. Ukoo wa mke husema ardhi ni yetu, na mti umeota juu ya ardhi. Tena mtama ulikuwa mikononi mwa mama aliyeufungua kihenge kila siku. Fedha ya korosho huja mara moja, na mara nyingi huingia mfuko wa baba. Twawasihi wakuu wa nyumba waandike mambo haya wakiwa hai, mbele ya mashahidi. Barua fupi iliyoandikwa leo itawaokoa wajane na machozi ya kesho.

Nne, na hili ndilo tulilokusudia hasa, tuangalie jinsi mimea hii inavyoshikana. Miezi ya njaa kwetu ni Januari hata Machi, wakati ghala limekwisha na shamba halijaiva. Nyumba isiyo na nafaka miezi hiyo huanza kukopa. Mwenye kukopesha huja na debe la mahindi au noti chache, na huandika katika daftari lake korosho ambazo hazijatoa hata ua. Biashara hiyo watu wa kusini huiita kangomba. Oktoba ikifika, mkulima huokota korosho zisizo zake. Hata mnada ukitangaza bei njema, yeye hushangilia bei ya mwenziwe.

Tena hata asiye na deni hana hakika. Mwezi wa Novemba 2018 wafanya biashara walipotoa bei ndogo, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kila kilo, na jeshi likazibeba. Bei ilikuwa njema. Lakini wakulima wengi walikaa miezi mingi wakiyangojea malipo. Katika miezi hiyo ya kungoja, nani aliyelala na amani? Ni yule aliyekuwa na nafaka nyumbani. Yeye aliweza kungoja. Mwingine aliuza haki yake kwa nusu ya bei ili apate unga. Basi imeonekana kwamba ghala ndilo mlinzi wa mkorosho. Asiye na mtama, au nafaka nyingine badala yake, mikorosho yake si yake.

Kwa hiyo hatuwaambii watu waing'oe mikorosho, wala hatuwaambii waache kila kitu warudi kwa mtama wa babu. Twashauri mambo yaliyo mepesi. Apandaye mikorosho mipya aiache nafasi ya mita 12 toka mti hata mti, na katikati alime nafaka, mbaazi na karanga miaka ile ya kwanza, kabla matawi hayajakutana. Hivyo palizi moja hutunza mashamba mawili. Matawi yakikutana, nafaka haizai tena kivulini. Basi mtu asiigeuze ardhi yote kuwa mikorosho, bali aweke sehemu ya chakula isiyoguswa. Katika sehemu hiyo apande mahindi akipenda, lakini atie na mtama palipo na udongo mkavu, kwa kuwa mwaka ule mvua itakapokatika mwezi wa Februari, mahindi yatakauka na mtama utangoja. Majirani wakipanda mtama pamoja na kwa siku moja, ndege watagawanyika, na ulinzi utakuwa mwepesi.

Wote twakumbuka habari za Yusufu katika Misri, jinsi alivyokusanya nafaka miaka saba ya shibe. Farao alikuwa na dhahabu tele, lakini miaka ya njaa ilipofika watu hawakuja kwake kutafuta dhahabu. Walikuja kwa sababu ya ghala. Nchi yetu ya Tunduru imekwisha kuona vita, njaa, kuhamishwa, ugonjwa wa miti, na katika miaka ya 1990 hata vijana wengi kuliacha jembe wakikimbilia machimbo ya vito. Katika hayo yote mti wa fedha ulianguka na kuinuka, na nafaka iliporwa na kupandwa tena. Kila mmoja umetuokoa kwa zamu yake. Mwenye akili ataipanda yote miwili, ataanza kulijaza ghala, ndipo atakapoziuza korosho zake kwa bei aitakayo yeye.